Kimstari cha kipimo kwenye picha za hadubini, naweka vipi?

dogo_wa_majengo: Wakuu habari, niko hapa Moshi napiga picha za chavua ya kahawa kwa kamera ya USB juu ya hadubini, sasa msimamizi anataka kila picha iwe na kimstari cha maikromita, nimeandika x400 pembeni, yaani imekuzwa mara 400, kakataa. Nafanyaje?

kibo_maabara: Yuko sahihi, ukishaikuza picha kwenye projekta hiyo x400 inakuwa uongo, kimstari kinakua na picha yake. Tafuta slaidi ya kupimia, ile ya milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kila kigawanyo maikromita 10. Ipige kwa lenzi na rezolusheni ileile, fungua ImageJ, programu ya bure ya kupima picha, chora mstari juu ya vigawanyo vingi, nenda Analyze, Set Scale, jaza urefu. Kisha picha yako, Analyze, Tools, Scale Bar.

mama_wa_njiro: Na hapo kwenye Set Scale utie tiki kwenye Global, la sivyo picha inayofuata inakuja bila kipimo. Kipimo cha lenzi ya 10 usikipeleke kwenye ya 40, wengi wanaumbuka hapo.

dogo_wa_majengo: Slaidi yenyewe sina aisee

kibo_maabara: Kaazime chuo. Kwa makadirio tu, seli nyekundu ya damu ya mtu ina kama maikromita 7 hadi 8, ila kwenye ripoti usithubutu.