Kanisa la mbao bila msumari hata mmoja, waliwezaje? (Hronsek, Slovakia)

Seremala_Patasi:
Wadau habari zenu. Mi ni fundi seremala, na juzi nimekutana na picha za kanisa moja la Kilutheri liko kijijini Hronsek huko Slovakia, limejengwa 1725 hadi 1726, lote mbao, linaingiza watu kama 1,100 halafu wanasema hakuna msumari wa chuma. Nimezivuta hizo picha nikuze kila kona mpaka macho yakauma. Sasa kinachonisumbua, kwanini walikataa misumari wakati chuma kilikuwepo tele enzi hizo? Na mbona mnara wa kengele umesimama pembeni peke yake kama vile sio wa kanisa lile? Kwa nje ukipita haraka utadhani ghala la mazao, ila ndani ni kitu kingine kabisa. Mwenye kujua anisaidie.

Bi_Kumbukumbu:
Hawakukataa mkuu, walikatazwa. Wakati katazo hilo linawekwa Slovakia ilikuwa ndani ya Ufalme wa Hungaria, chini ya Leopold I wa ukoo wa Habsburg, Mkatoliki hasa, na Waprotestanti walikuwa wamenyang'anywa makanisa mengi sana. Mwaka 1681 bunge likakaa mji wa Sopron likawalegezea kidogo, vipengele vya 25 na 26 vya sheria vikawaruhusu kujenga sehemu mbili tu kwa kila kaunti. Ndo maana mpaka leo yanaitwa makanisa ya artikula, yaani ya vipengele vya sheria. Na masharti yanayosimuliwa ni magumu balaa: mbao tu, jiwe hapana, msumari wa chuma hapana, mnara hapana, kengele hapana, mlango usielekee kijijini, lijengwe nje ya makazi ya watu na liishe ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo huo muonekano wa ghala unaousema ni sheria ile, sio kwamba waumini walikosa ladha. Mnara nao ukaishia kujengwa kivyake pembeni. Yalikuwa 38, yamebaki 5: Hronsek, Leštiny, Kežmarok, Istebné na Svätý Kríž. Matatu ya kwanza yako kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008. Mimi hiki kipande cha historia kinaniuma kila nikikisoma, watu wanaambiwa salini lakini msionekane.

Mlutheri_Mkongwe:
Dada kamaliza kwenye sheria, mi niongezee ya ndani maana ndiko utajiri uliko. Kwa Mlutheri kiini cha ibada ni neno kusomwa na kuhubiriwa, na watu kuimba pamoja, sasa ukiwa na watu elfu moja na mia na hakuna spika lazima jengo lenyewe lisaidie sauti ifike. Ndo unaona Hronsek wamejenga umbo la msalaba, viti vimepanda ngazi ngazi na roshani juu, kila mtu anaelekea katikati, hakuna aliye mbali sana na mhubiri. Lingekuwa refu kama treni wa nyuma wangeambulia mwangwi. Mbao pia haipigi kelele kama jiwe, maneno yanasikika vizuri. Na kule Kežmarok (1717) dari wameichora kama mbingu ya bluu na madirisha ni ya mviringo kama ya meli. Sheria iliwabana kwa nje tu wao wakamwaga moyo wote ndani.

Kijana_wa_Ramani:
Tusije tukadhani kila kanisa la mbao la Kiprotestanti limetokana na katazo lakini. Angalia Petäjävesi kule Ufini, limejengwa 1763 hadi 1765 na fundi Jaakko Klemetinpoika Leppänen, magogo matupu, umbo la msalaba vilevile, na hakuna aliyewakataza jiwe, ni kwamba msitu ndo uliokuwepo. Liko kando ya ziwa ili watu waje kwa mtumbwi, na baridi ikija wapite juu ya barafu. Mnara wake kaujenga mjukuu wa fundi huyo huyo, Erkki, mwaka 1821.

Seremala_Patasi:
Asanteni sana, dada Bi_Kumbukumbu na mzee Mlutheri mmenifungua macho. Sasa naelewa hata kazi ya mikono. Bila msumari maana yake kila kiungo unakichonga, ncha ya boriti inaingia kwenye tundu la nguzo halafu unatoboa pembeni unapigilia kigingi cha mti mkavu, na mti mbichi ukikauka unakibana kigingi mpaka hakichomoki. Inataka kupima vizuri kabla hujakata, ukikosea tundu moja nguzo nzima imeenda. Kufanya hivyo jengo la watu 1,100 ndani ya mwaka mmoja, jamani, hao jamaa walikuwa wengi na walikuwa wanajua.

Bi_Kumbukumbu:
Basi tafuta habari za Svätý Kríž kaka, utafurahi. Fundi mkuu aliitwa Jozef Lang, hakujua kusoma wala kuandika, na wanasema alijenga bila ramani ya maandishi kwa miezi 8 tu, 1774, jengo la kuingiza watu karibu 6,000. Lilikuwa kwenye kijiji cha Paludza, likaja bwawa la Liptovská Mara likataka kukifunika, kati ya 1974 na 1982 wakalihamisha lote, likasimamishwa upya pale lilipo leo. Watu bado wanasali humo.

Seremala_Patasi:
Bila ramani?? Dada kama una picha ya kenchi zake kwa ndani nitumie tafadhali, nataka kuona magogo yamekutanaje pale juu.