Zabibu zinaoza zikikaribia kuiva, shamba liko jirani na bahari. Nivune au nisubiri?

MchangaMweupe: Wakuu, habari zenu. Nina mizabibu 300 ya mvinyo kwenye udongo wa kichanga, bahari naiona nikiwa shambani. Mwanzoni shida ilikuwa chumvi: upepo ukivuma kwa nguvu, kingo za majani zinaungua. Nikazungushia mabati upande wa baharini, majani yakapona. Tangu hapo vichala vinaota kuvu la kijivu wiki mbili kabla ya kuvuna. Leo nimepima sukari, Brix 18 (yaani kama asilimia 18 ya juisi ni sukari). Nivune niokoe kilichobaki?

PipaTupu: Usithubutu. Kwa 18 utapata kilevi kama asilimia 10, na ukali wa kukunja uso. Ngoja 22.

BibiShamba: Angoje nini na zinaoza, mjukuu wangu? Kuvu hilo likiingia kwenye pipa, mvinyo unageuka kahawia. Pita mstari kwa mstari leo, kata vilivyooza, vitoe shambani kabisa, usivimwage chini ya mizabibu. Kisha punguza majani yanayofunika vichala, upande wa jua la asubuhi tu. La mchana litazibabua. Pima kila siku ya pili. Ukiona mvua inakuja, vuna. Ni nyeupe au nyekundu?

MchangaMweupe: Nyeupe, bibi.

BibiShamba: Basi hata 19 inatosha, utapata mvinyo mwepesi. Nyekundu ningekuonea huruma.

Mlinzi_wa_Matete: Mbona hamumuulizi hayo mabati? Upepo ule ule uliokuunguzia majani ndio uliokuwa unakukaushia umande. Umeuziba wote, unyevu umelala humo ndani. Kule Colares, Ureno, mizabibu iko kwenye mchanga kando ya Atlantiki, na wanaikinga kwa uzio wa matete makavu. Matete yanapitisha hewa: upepo unapungua nguvu lakini haukatiki. Kinga nzuri inapitisha karibu nusu ya upepo.

MchangaMweupe: Mabati yenyewe sijamaliza hata deni lake 😭

Mlinzi_wa_Matete: Ng'oa moja, acha moja, mapengo uyazibe kwa matete. Upepo mkali ukipita, nyunyizia majani maji yasiyo na chumvi, chumvi itoke kabla jua halijapanda.

PipaTupu: Sawa, nimesalimu amri. Ila 22 ni 22.

MchangaMweupe: Nimeshang'oa manne. Kesho alfajiri naingia na mkasi.