HeroQuest: nichonge vyumba 16 au 17?

Seremala_Isevya (Tabora):
Wakuu, habari za jioni. Nina HeroQuest, ule mchezo wa mezani wa mashujaa na mazimwi, lile toleo la 2021, na misheni zote 14 tumezimaliza mimi na wapwa zangu wawili. Ila kinachonishika zaidi ni sanamu zenyewe. Zote 35 nimezichongea sanduku la mninga, kila moja na chumba chake, na sasa nataka kuongeza droo ya pili. Hela yangu inatosha boksi moja tu la nyongeza ya mchezo: Kellar's Keep yenye sanamu 17, au Return of the Witch Lord yenye 16. Mbao nimeshapiga randa, nasubiri kauli yenu.

Lingine, naumia kweli. Kabla sanduku halijakamilika niliziacha kwenye rafu chini ya bati, na joto la Oktoba hapa mnalijua. Orki wawili, yale mazimwi yenye meno marefu, silaha zimepinda kama ndoana. Mmoja wao jino lake nililipaka mara tatu mpaka likakaa. Zitanyooka?

Mwanga_Kigoma:
Kaka, chukua Witch Lord. Piga hesabu: sasa una viunzi vya mifupa 4, misukule 2 na mumia 2. Hiyo inakuletea viunzi 8, misukule 4, mumia 4. Kellar's Keep ni orki 8, vibwengo 6 na yale madude matatu yenye sura ya samaki, yaani idadi ileile uliyonayo. Ninazo zote mbili, na viunzi 12 vikisimama ukumbi mmoja watoto wananyamaza.

Vinapendeza pia kupaka. Anza na nyeupe ya mfupa, ikikauka zimua kahawia kwa maji mengi, iache ijiingize katikati ya mbavu, halafu futa juu kwa kitambaa. Mbavu zinatokea zenyewe.

MamaWili:
Silaha zitanyooka, ile ni plastiki laini. Maji ya moto kwenye kikombe, chovya silaha peke yake, usizamishe sanamu maana umeshapaka rangi. Hesabu mpaka kumi, nyoosha taratibu kwa vidole, ishikilie hivyohivyo ndani ya maji baridi. Ikirudi kupinda, rudia. Usijaribu kuinyoosha ikiwa baridi, itakatika.

Ujiji_kwetu:
Mimi napingana na jirani yangu wa Mwanga. Kellar's Keep ndiyo inayotangulia kihadithi, nayo ina misheni 10. Kuruka si vizuri. Na ukibahatika kuona boksi la zamani, la 1989, usiliache: badala ya hayo madude kuna Fimir, wale wa jicho moja. Toleo jipya halina.

Mwanga_Kigoma:
Mwenzetu kasema sanamu kwanza, hadithi baadaye. Witch Lord nayo ina misheni 10.

Seremala_Isevya (Tabora):
Ahsanteni sana. Dada, orki wa kwanza amenyooka mara ya pili, na jino lipo. Wapwa wamesikia misukule minne, hawataki kingine. Nachonga 16.

Ujiji, hao wa jicho moja wana kimo gani? Nikija kuwapata nisije nikawabana.