Niko HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) Kidato cha Tano: nikomae na jiografia ya binadamu, ya maumbile niiache?

Dogo_wa_Urambo:
Shikamooni wakubwa, na rika langu mambo. Jiografia inanitoa jasho. Pepa ya pili, ile ya watu, kilimo na makazi, naimudu. Nipe swali la uhamaji nijaze kurasa. Pepa ya kwanza ndiyo mtihani kweli: upepo, miamba, mito, barafu, na ile ramani. Barafu yenyewe naijua ya kwenye soda tu. Wenzangu bwenini wanasema nikariri ya binadamu, hiyo nyingine nibahatishe. Mnanishaurije?

Mkongwe_wa_Pepa:
Hao wenzako waulize watakusaidia vipi matokeo yakitoka. Alama za pepa zote mbili zinaunganishwa, dogo. Usidanganyike.

Mwl_Mstaafu_Moshi:
Marahaba mwanangu. Nimelifundisha somo hili mpaka nywele zimeisha, na ushauri wangu ni uleule: chagua sehemu moja uielewe kuanzia hewani hadi sokoni. Mimi natumia Kilimanjaro kwa kuwa naiona dirishani, mawingu yakipenda.

Anza na upepo wa kusi. Inatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, inagonga mlima upande wa kusini, haina njia ila kupanda. Ikipanda inapoa, takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, mvuke unageuka matone, mvua inamwagika. Msitu ulio juu ya Kibosho na Marangu unapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Zunguka upande wa pili, kuelekea magharibi na kaskazini, unakutana na nyasi, ng'ombe na vumbi. Mlima ni huohuo. Ongeza na udongo wa volkano.

Sasa weka watu. Mvua hiyo na udongo huo ndivyo vilivyowabananisha Wachagga kwenye ukanda wa vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba: migomba juu, kahawa chini yake, ng'ombe zizini, na mifongo waliyoichimba wenyewe kuleta maji ya mito hadi shambani. Kahawa ikazaa ushirika, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ikaanzishwa 1933. Lakini kihamba kinarithiwa. Baba anawagawia wanawe, nao wanawagawia wao, mpaka mjukuu anapata kipande kisichotosha hata kugeuzia pikipiki. Anafunga begi, anakwenda Dar au Arusha.

Fungua takwimu za sensa uone. Kati ya 2012 na 2022 nchi ilitoka watu milioni 44.9 hadi milioni 61.7, ongezeko la zaidi ya theluthi. Mkoa wa Kilimanjaro ulitoka milioni 1.64 hadi milioni 1.86 tu. Desemba haohao walioondoka wanarudi "kuhesabiwa" na tiketi ya basi inakuwa dhahabu. Huo uhamaji unaoujazia kurasa, nusu ya jibu lake iko pepa ya kwanza.

Barafu usiiogope. Ipo Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ingawa inazidi kupungua, na ukitaka bonde lenye umbo la U lililochongwa nayo, liko bonde la Teleki pale Mlima Kenya. Ukijua mifano ya hapa nyumbani, ya Alps haikusumbui.

Binti_wa_Upareni:
Mwalimu kamaliza, mimi naongeza ramani, maana watu wanazikimbia alama za bure. Kwenye skeli ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita 1, basi. Barabara yenye kona ipime kwa uzi, usiipime kwa rula. Namba za gridi soma za mashariki kwanza, kisha za kaskazini. Kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, zikibanana mteremko ni mkali. Zikichora V ambayo ncha yake inaelekea juu, hilo ni bonde, na ncha ikielekea chini ni mgongo wa kilima. Halafu tazama vile vidoti vya nyumba. Vinafuata mto, barabara au mgongo wa kilima? Hapo hapo umeshaingia jiografia ya binadamu na hujafunga ramani.

Dogo_wa_Urambo:
Asanteni sana. Ila mwalimu, kwetu hakuna mlima. Miombo, tumbaku na nyuki tu.

Mwl_Mstaafu_Moshi:
Tu? Mwanangu, umekalia mfano mzuri kuliko wangu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, ukafika na huko kwenu Urambo, na Nachingwea. Kongwa udongo wa mfinyanzi ulikauka ukavunja majembe ya matrekta, mvua nayo ikawatupa mkono. Walileta mashine kabla ya kuujua udongo na mvua ya mahali, na 1951 mradi ukafungwa. Urambo baadaye ikashika tumbaku, na tumbaku inahitaji kuni za kukaushia, kuni zinatoka kwenye hiyo miombo yako, na miombo ndiyo nyumba ya nyuki na mbung'o.

Likizo hii waulize wazee wa hapo karanga ziliwashinda nini na kwa nini tumbaku ikakubali. Chota udongo, uloweshe, uufinyange uone kama unashikana au ni mchanga. Andika ukurasa mmoja unaoanzia kwenye udongo na mvua, uulete hapa tuusahihishe.