Suárez au González: nani aliibeba zaidi Hispania baada ya Franco?

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za jioni. Dikteta Franco alikufa 1975. Adolfo Suárez akaongoza serikali ya Hispania kuanzia Julai 1976, hata miaka 5 hakutimiza. Felipe González alikaa zaidi ya 13. Uchaguzi wa 1982 González alizoa viti 202 kati ya 350. Suárez na chama chake kipya, CDS, wakaambulia 2. Leo uwanja wa ndege wa Madrid unaitwa kwa jina la Suárez. Ninyi mnawapimaje?

Mtu wa Pwani
Mimi nipo kwa González. Suárez alisafisha kiwanja, nyumba kajenga González. Sheria ya afya kwa wote ni ya 1986, na mwaka huohuo, Januari 1, nchi iliingia Jumuiya ya Ulaya. Treni ya mwendo kasi ya Madrid hadi Sevilla, 1992. Kiongozi anapimwa kwa alichokipata mwananchi.

Binti Lindi
Kaka yangu, hicho kiwanja kilikuwa na nyoka! Suárez alitoka ndani ya mfumo wa Franco, alikuwa hata katibu mkuu wa Movimiento, chama pekee kilichoruhusiwa. Akalishawishi Bunge lilelile la Franco lipitishe sheria ya kujimaliza. Kisha Jumamosi Kuu, Aprili 9, 1977, watu wakiwa kwenye mapumziko ya Pasaka, akahalalisha chama cha kikomunisti. Waziri wa jeshi la majini alijiuzulu kwa hasira. Miezi miwili baadaye watu wakapiga kura huru, mara ya kwanza tangu 1936. Huyo alicheza na roho yake.

Mzee wa Hoja
Dada umenena, ila tusimpambe. Chama chake cha awali, UCD, kabla ya hiyo CDS, kilimfia mikononi: viti 168 mwaka 1979, 11 mwaka 1982. Wenzake walimchimba, ETA, wapiganaji waliotaka kujitenga kwa Wabaski, wanaua, uchumi mbaya, mwisho akajiuzulu Januari 1981. Kujenga chama hakukuwa fani yake.
Na González naye ana doa ambalo Mtu wa Pwani kalipita kimya: GAL, vikosi vya siri vilivyowawinda ETA na kuua watu wakati wa serikali yake. Waziri wake wa mambo ya ndani, José Barrionuevo, alihukumiwa kifungo 1998 kwa utekaji. González mwenyewe hakushtakiwa, lakini kwangu mimi afya na reli havifuti damu.

Mtu wa Pwani
Hapo kwenye GAL sina utetezi, mzee wangu.

Binti Lindi
Itazameni ile video ya Februari 23, 1981. Luteni kanali Tejero anaingia bungeni na bastola kujaribu mapinduzi, risasi zinapigwa darini, wabunge karibu wote wanajitupa chini ya viti. Jenerali Gutiérrez Mellado, naibu wa Suárez serikalini, mzee wa miaka 68, anawakabili askari kwa mikono mitupu. Suárez anainuka kumsaidia, kisha anarudi kukaa, mgongo wima, viti vyote vinavyomzunguka ni vitupu. Carrillo, kiongozi wa wale wakomunisti aliowahalalisha, naye kakaa upande wa pili. Suárez alikuwa amekwisha jiuzulu, anasubiri tu kukabidhi ofisi.

Mwanzisha mada
Nimeitazama sasa hivi, mara mbili. Halafu nikaitafuta picha yake ya 2008: kumbukumbu zimeshampotea kwa maradhi, mfalme Juan Carlos kamwekea mkono begani, wanatembea bustanini, wametugeuzia mgongo. Kura yangu naipeleka kwa Suárez.