Je, tunaandaliwa vya kutosha kwa maisha ya baada ya upasuaji wa kupunguza uzito?

Mwanzisha mada

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Leo natimiza wiki ya 7 tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kubakiza mrija mwembamba. Kabla ya siku yenyewe nilifuata taratibu zote: nilipimwa moyo na damu, nilionana na daktari wa usingizi, na kwa wiki 2 nilikula mlo mdogo sana ili ini linywee na lisimzibe daktari wakati wa kazi. Kuhusu upasuaji wenyewe sina lawama yoyote. Matundu 5 tumboni yamepona vizuri, na siku ya 3 niliruhusiwa kurudi nyumbani.

Swali langu linahusu yaliyofuata. Maelezo ya namna ya kuishi baada ya hapo nilipewa asubuhi ile ile ya kuruhusiwa, muuguzi akinitoa kanula mkononi, nami nikiwa bado nasinzia kwa dawa za maumivu. Alinisomea karatasi 2, akaniuliza kama nimeelewa, nikaitikia kwamba nimeelewa. Nilipofika nyumbani nikagundua kuwa sikumbuki hata robo ya aliyosema. Karatasi iliandika "vyakula laini kuanzia wiki ya 5", lakini haikueleza ulaini huo ukoje, kiasi gani, wala nifanye nini chakula kikikwama. Siku nilipojaribu yai kwa mara ya kwanza nilimeza vijiko 3 tu. Kifua kikabana, mdomo ukajaa mate mazito kama povu, na kwa karibu nusu saa nilikaa kwenye sakafu ya bafu nikiamini kwamba mshono wa ndani umefumuka. Tangu hapo natapika karibu kila siku, na wiki hii imefika mara 3 kwa siku. Machozi hunitoka bila sababu, na zipo siku ambazo najuta kabisa uamuzi wangu.

Ninyi mliopitia njia hii, mliandaliwa vipi? Ni mimi niliyeshindwa kusikiliza, au wengi wetu tunaachwa hivi?

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, ndugu yangu, na tafadhali usijilaumu. Mimi nilifanyiwa ule upasuaji mwingine, wa kutenga kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha na utumbo mwembamba, na sasa niko mwaka wa 4. Nilikwenda hospitali nikiwa na uhakika kwamba najua kila kitu. Nilijua kifuko kitakachobaki hubeba takriban mililita 30, nilijua utumbo utaunganishwa wapi na kwa nini, na ningeweza hata kuwachorea. Kumbe nilichokuwa nimekisoma ni kazi ya daktari. Kazi yangu mwenyewe, ambayo ni kula, kunywa na kumeza dawa kila siku hadi mwisho wa maisha, nilikuwa sijaisoma.

Mwezi wa 3 baada ya upasuaji nilikunywa glasi ya juisi tamu kwa haraka kwa sababu nilikuwa na kiu. Baada ya kama dakika 15 moyo ulianza kwenda mbio, jasho likanilowesha shati, tumbo likasokota, nikalazimika kujilaza sakafuni kazini mbele ya wenzangu. Nilidhani nakufa. Baadaye nikaelezwa kwamba sukari nyingi ikifika ghafla kwenye utumbo mwembamba huvuta maji mengi ndani ya utumbo, na kwamba kuna hali nyingine ya kuchelewa, saa 1 hadi 3 baada ya kula, ambapo sukari ya damu hushuka kupita kiasi. Yote hayo yalikuwa kwenye karatasi yangu, katika mstari mmoja uliosema "epuka vitu vitamu". Mimi niliuelewa mstari huo kuwa ushauri wa kupunguza uzito, kwa hiyo nikaona glasi moja haina neno.

Mwezi wa 4 nywele zikaanza kunyonyoka. Kila nilipooga, mashimo ya bomba la maji machafu yaliziba. Hali hiyo ni ya kawaida baada ya upasuaji mkubwa na kupungua uzito kwa kasi, na kwa wengi nywele huota tena baada ya miezi kadhaa, lakini mtu asiyejua atakuwa na hofu kwa majuma mengi bila kumwambia yeyote. Lililoniumiza zaidi lilikuwa jino. Nilimeza ibuprofeni kwa siku nyingi, na hakuna aliyekuwa amenifafanulia kwamba dawa za jamii hiyo, diklofenaki ikiwemo, huweza kusababisha kidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Nililazwa kwa kutokwa na damu. Sijutii upasuaji, kwa kuwa kisukari changu kimetulia na napanda ngazi bila kuhema, ila nasema wazi kwamba niliandaliwa kwa ajili ya saa 2 za chumba cha upasuaji tu.

Mchangiaji wa pili

Kwa haki naomba niseme kwamba si wote wanaoachwa. Mimi nilihudhuria vikao 6 ndani ya miezi 4 kabla ya upasuaji, na katika viwili kati ya hivyo tulifanya mazoezi hasa: kunywa kwa kikombe kidogo kama kile cha dawa ya kikohozi, kutafuna mpaka chakula kiwe rojo, kula sahani ndogo kwa dakika 20 hadi 30, na kungoja nusu saa baada ya kula kabla ya kugusa maji. Siku hiyo mazoezi yale yalinichosha, na wala sikuona maana yake. Nilipotoka hospitali mkono ulikuwa tayari umezoea.

Hata hivyo, mengi niliyasahau. Kilichoniokoa ni muuguzi aliyenipigia simu siku ya 3 na siku ya 10, akaniuliza nimekunywa mililita ngapi tangu asubuhi. Nilikuwa nimekunywa 200 tu, na ilikuwa saa 10 jioni.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni muuguzi, na nimefanya kazi katika kliniki ya upasuaji wa aina hii kwa miaka kadhaa. Kabla ya kujadili mada, naomba mwanzisha mada anisikilize: kutapika mara 3 kwa siku katika wiki ya 7 si jambo la kuvumilia nyumbani. Nenda ukaonwe leo, usingoje siku ya kliniki. Huenda mrija umesinyaa mahali fulani, na hilo lina tiba. Jambo la haraka zaidi ni vitamini iitwayo thiamini, ambayo akiba yake mwilini hudumu wiki chache tu. Mtu anayetapika na kula kidogo huimaliza upesi, na ikiisha anaweza kupata ganzi miguuni, kuyumba anapotembea, kuona vitu viwili viwili na kuchanganyikiwa, na madhara mengine hayarudi nyuma. Mweleze daktari utakayemkuta kwamba umefanyiwa upasuaji huu na kwamba unatapika, kabla hajakutundikia dripu yenye sukari, kwa sababu sukari bila thiamini huweza kuzidisha tatizo.

Sasa nirudi kwenye swali. Ni kweli kwamba mara nyingi tunatoa maelezo muhimu kuliko yote katika saa mbaya kuliko zote, mgonjwa akiwa na maumivu na nguo zake zimeshafungwa. Lakini kuna jambo jingine ambalo huzungumzwa mara chache. Kabla ya upasuaji wagonjwa wengi huitikia kila tunachosema. Mtu amesubiri muda mrefu, amebezwa kwa uzito wake kwa miaka, na anahofu kwamba akionyesha wasiwasi au akikiri kwamba huwa anakula akiwa na huzuni, ataondolewa kwenye orodha. Kwa hiyo anatikisa kichwa, nasi tunaandika kwenye faili kwamba ameelewa. Swali la "umeelewa?" halina faida yoyote katika mazingira hayo, na mimi mwenyewe nimeliuliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Tulipobadilisha na kumwomba mgonjwa atueleze yeye, mambo yalijitokeza wazi. Tulimwuliza: ukiamka usiku wa siku ya 5 na mapigo ya moyo yanazidi 120 kwa dakika ukiwa umelala tu, utafanya nini? Wengi walijibu kwamba wangengoja asubuhi. Mapigo ya namna hiyo, hasa yakiambatana na homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka au kupumua kwa shida, yanaweza kuwa dalili ya kwanza ya kuvuja kwa mshono au ya damu iliyoganda na kufika mapafuni, na hapo kungoja ni hatari. Vilevile wengi hawakujua kwamba kalisiamu na madini ya chuma havimezwi kwa pamoja, bali hutenganishwa kwa saa 2, wala kwamba vipimo vya damu huendelea kila mwaka hata baada ya uzito kutulia. Pombe nayo, hasa kwa waliounganishwa utumbo, hupanda kichwani upesi zaidi kuliko zamani, na wapo wanaoingia katika ulevi mwaka wa 2 au wa 3, wakati ambapo wameshaacha kuhudhuria kliniki.

Kuhusu kulia na kujuta, ndugu, nimewaona wengi katika wiki hizo za mwanzo. Chakula kilikuwa faraja yako, na faraja hiyo imeondolewa kwa siku moja. Litaje hilo pia utakapoonwa.

Mchangiaji wa nne

Naandika kama mume wa mgonjwa. Katika miezi yote ya maandalizi ya mke wangu, mimi nilikuwa mtu wa kukaa kwenye benchi nje. Aliporudi nyumbani nilimwona anakunywa supu vijiko 4 na kuweka bakuli chini, nikawa namsihi aongeze kidogo, kwa mapenzi kabisa, mpaka siku moja akatapika mbele yangu na kuniambia kwamba ananiogopa kila ninapoingia jikoni. Lile neno sijalisahau. Laiti mtu angeniita ndani kwa dakika 10 tu, nikaelezwa kwamba vijiko 4 vinatosha na kwamba yeye ndiye ajuaye pa kuishia.

Jambo la pili ni uzazi. Tuliambiwa kwa bahati, na mtaalamu mwingine kabisa, kwamba inashauriwa kuahirisha mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, na kwamba uwezo wa kushika mimba huongezeka uzito unapopungua, hata kwa aliyekuwa na shida hiyo kabla. Baada ya upasuaji wa kuunganisha utumbo, aliofanyiwa mke wangu, vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe ipasavyo. Hayo yangepaswa kusemwa kwetu sote wawili, mapema.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee dada muuguzi. Nilikwenda jioni ile ile baada ya kusoma ujumbe wako. Nilipewa sindano ya thiamini kwanza, kisha dripu, na jana waliingiza kamera kupitia kooni wakaona mrija umesinyaa katikati. Kesho asubuhi watapanua sehemu hiyo kwa puto.

Kabla sijalala usiku wa kwanza alikuja mtaalamu wa lishe, akavuta kiti. Hakunipa karatasi. Aliniomba nimweleze siku yangu nzima nyumbani, kuanzia kinywaji cha kwanza hadi kidonge cha mwisho. Nilikosea mambo 2: nilikuwa nakunywa maji katikati ya kula ili kusukuma chakula, na nilikuwa nameza vidonge vyote kwa mkupuo mmoja asubuhi. Alirudia hayo 2 tu, akasema mengine tutayaangalia Alhamisi, na akamtaka dada yangu naye awepo.