Kerneli ndogo: tutenge rejista nzima au tusome memori?

Katuba_Kodi (Lubumbashi): Wandugu, tunaandika kerneli (sehemu kuu ya mfumo wa uendeshaji) na wenzangu wa chuo, na wiki hii tunaagiza karte ya majaribio. Tumekwama: tutenge rejista moja (nafasi ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ibebe pointa (anwani) ya tredi (kazi) inayoendeshwa, au tuitafute kwenye memori kila tunapoihitaji? Mimi naona kutenga ni haraka zaidi.

Ibanda_C (Bukavu): Prosesa gani, ndugu? Kori (vitengo vya prosesa) ngapi? x86 ya biti 32 ina rejista nane, na ya staki (memori ya data ya muda) imo humo humo. Ukitoa moja umeumia. ARM64 ina 31.

Katuba_Kodi: Samahani yaya. Kori nne. ARM64 au RISC-V, bado hatujaamua.

Virunga_biti (Goma): RISC-V, bila kusita! Kuna rejista ya tp, ambayo kompaila haiigusi. Linux inaweka humo tredi ya sasa; programu ya mtumiaji inapoendeshwa, pointa hiyo inakaa kwenye rejista ya sscratch, na mlangoni mwa kerneli zinabadilishana kwa amri moja ya csrrw.

Mzee_Ruzizi (Bukavu): Kwanza uliza nani mwingine ataleta msimbo. Kuna kerneli ya ARM64 niliyoifanyia kazi, rejista ya x18 imetengwa, kila faili inakompailiwa kwa -ffixed-x18, yaani kompaila isiiguse. Tukaletewa draiva ya mtandao, faili ya .o tu, iliyokwisha kukompailiwa, bila chanzo. Aliyeikompaili hakuweka -ffixed-x18, na kwa kanuni za ARM, mahali ambapo mfumo haujaitenga, x18 ni rejista ya muda kama nyingine. Mashine inawaka vizuri, pakiti za kwanza zinapita, halafu kerneli inaanguka kwenye kufuli ya foleni, mbali kabisa na draiva. Tulikagua kufuli, tukakagua kipangaji (kinachochagua tredi ya kuendesha), tukabadilisha hadi memori. Mwishowe tukaifumua ile .o kwa objdump: `mov x18, x2`, inaandika juu ya x18 yetu, katikati ya kitanzi. Kama mtaunganisha vitu vya watu, tumieni rejista ya mfumo. Linux kwenye ARM64 inaweka tredi ya sasa ndani ya sp_el0, na msimbo wa C wa kawaida haufiki huko.

Virunga_biti: Lakini mzee, hapo unaongeza mrs (kusoma rejista ya mfumo) kabla ya kila ldr (kusoma memori). Ukiwa na x18 unasoma moja kwa moja.

Mzee_Ruzizi: Amri moja. Nailipa kwa moyo mweupe.

Dada_Kenya (Lubumbashi): Muangalie pia kinachowekwa humo. Pointa ya tredi ni salama, tredi ikihamia kori nyingine bado ni ile ile. Pointa ya kori ni hatari: umeinakili, interapti (ishara ya kukatiza kazi) inaingia, kipangaji kinakuhamisha, nawe unaendelea kuandika kwenye data ya kori uliyoiacha. Hiyo lazima uzuie kuhamishwa kwanza.

Ibanda_C: Mbona hamtaji staki? Linux ya zamani ya x86 ilifuta biti za chini za esp (rejista ya staki), ikaikuta thread_info (data ya tredi) chini ya staki ya KB 8. Hakuna rejista iliyopotea.

Dada_Kenya: Na staki ikifurika, inaandika juu ya thread_info hiyo hiyo. Kwenye x86 waliitoa hapo 2016.

Himbi_Net (Goma): Kwani lazima kununua? QEMU (programu ya kuiga kompyuta) ina mashine ya virt kwa zote mbili, weka -smp 4 upate kori nne.

Katuba_Kodi: QEMU tunayo. Tunataka interapti za vifaa halisi. Draiva ya mtandao tutaandika wenyewe, mzee.

Mzee_Ruzizi: Na ya kadi ya memori?